Pumzi ya Dobi Mvua

Dobi huyu walimwita Mvua, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alilipata kazini. Wenzake walinyunyizia nguo maji kwa kopo lililotobolewa au kwa vidole, yeye alibugia maji, akavimbisha mashavu, akayapuliza juu ya shati yakatua laini bila tone moja kubwa. Mteja mgeni alikunja uso. Akishaiona kola ilivyonyooka, uso nao ulikunjuka, akalipa, akaondoka zake. Wenye utani walisema mate ya Mvua ni dawa ya mikunjo. Naye aliwajibu kwamba mate ni yake lakini maji ni ya bomba, kwa hiyo waseme wenyewe wanalipia kipi.

Alikuwa na mdomo mtu yule, tena mdomo usiochoka. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele, chumba cha nyuma ndiko walikolala, katikati palining'inia pazia. Mkewe alikaa mlangoni akishona vifungo vilivyokatika na pindo zilizoachia, ndiyo maana mtaa mzima walimwita Bi Vifungo. Tangu asubuhi mume aliposimama mezani na pasi yake, hakunyamaza. Alisema juu ya wenye nyumba, juu ya mpira, juu ya suruali za siku hizi zinazobana mpaka pasi haipati pa kupita. Bi Vifungo alizoea kuwaambia wateja kwamba katika ndoa ile yeye hupata zamu ya kuzungumza pale tu mume anapojaza maji mdomoni. Akiwa na jambo zito, alingoja mumewe apeleke kikombe kinywani, ndipo analitoa. Mtu akicheka basi ameona mzaha, lakini ndivyo walivyoamua hata ndoa ya binti yao.

Kazi aliirithi kwa mjomba. Mjomba alimsimamisha mbele ya pasi ya mkaa akamwambia apulize, basi akapuliza. Pasi ile ina tundu kwa nyuma. Mkaa ukififia, unainamisha uso na kupuliza mpaka uwake tena, majivu yanakurukia machoni na moshi unauvuta wewe, upende usipende. Binti yao, alipoanza kupata kazi, aliwaletea pasi ya umeme. Mvua aliishukuru, akaipandisha juu ya kabati. Ile inalamba nguo, alisema, haikanyagi. Akaendelea na mkaa wake. Leso yake ilikuwa nyeusi kila jioni, na aliyeifua ni mkewe, maana dobi akishafua za watu hana hamu tena na ya kwake. Asubuhi alikohoa mpaka majirani wakajua kumekucha. Hakuna aliyeona kuwa ni ugonjwa. Sigara hajawahi kuitia mdomoni, na jambo hilo alijisifia mbele ya kila mvutaji aliyepita.

Maumivu ya kifua yalipoanza aliyaita kiungulia. Alimeza vidonge vya tumbo, akateua chakula, akajidanganya hivyo kwa muda mrefu. Kilichomuumbua ni furushi la mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuwa akilibeba begani tangu ujana, lakini sasa akawa anasimama njiani kila baada ya nyumba chache, anatua mzigo, anasalimia watu. Bi Vifungo alimwona siku moja kwa mbali amesimama kumsalimia muuza mkaa ambaye walikuwa hawaelewani kabisa, tena anamwuliza hali ya watoto mmoja mmoja. Akajua mumewe hasalimii, anapumzika.

Hospitali walimpima, wakampima tena, kisha wakamwambia kwamba mishipa mitatu inayoulisha moyo damu imeziba. Dawa peke yake haitoshi. Inabidi wachukue mshipa mguuni na mwingine kifuani kwa ndani, waiunganishe ili damu ipite pembeni mwa palipoziba. Mvua alirudi nyumbani akakataa katakata. Kifua chake si mfuko wa mteja, alisema, wa kufungua na kufunga. Alikataa asubuhi, alikataa jioni, alimkatalia binti yake kwenye simu mpaka simu ikapata joto. Bi Vifungo hakubishana naye. Alingoja. Mvua alipoinua kikombe, akajaza maji mashavuni, ndipo akasema:

"Ukifia hapo mezani, mimi nitabaki na nani wa kunipigia kelele?"

Mvua alisimama na mashavu yamevimba, shati la mtu limelala mbele yake. Halafu akayameza yale maji. Hakuna aliyewahi kumwona akiyameza. Akasema haya, twende.

Kliniki ya kabla ya operesheni ilikuwa imefurika watu. Nesi aliuliza maswali yake upesiupesi. Unavuta sigara? Sijawahi. Pombe? Hapana. Sukari? Ipo, lakini ya adabu. Nesi akatabasamu, akampima uzito, akalitazama tumbo la mzee, akaandika. Daktari mmoja akamsikiliza mgongo, akasema kuna mlio kidogo, akamwongezea dawa ya kuvuta kwa mdomo. Mkaa hakuna aliyeuuliza na wao hawakuutaja. Wangeutajaje? Kazi ni kazi, nani anakwenda hospitali kumweleza daktari pasi yake inavyowashwa?

Mwishoni nesi akampa kidude cha plastiki, vyumba vitatu vimesimama bega kwa bega, kila kimoja na kimpira chake ndani, na bomba la kutia mdomoni. Akasema ni cha mazoezi ya pumzi, kitamsaidia mapafu yasilale baada ya kupasuliwa, afanye kila siku mpaka mipira ipande yote. Alikuwa ndiyo kwanza anataka kumwonyesha alipoitwa chumba cha pili kwa mgonjwa aliyeanguka. Wakamngoja. Hakurudi. Wakaondoka na kidude chao.

Nyumbani Mvua alikaa kitandani, akatia bomba mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mipira haikutikisika. Akajaribu tena, macho yakamtoka. Hakuna kitu. Basi akakigeuzageuza kama fundi, akakiinua kichwa chini miguu juu, akapuliza, na mipira yote mitatu ikaruka mpaka mwisho. Akacheka sana. Akamwambia mkewe kwamba watu wa kiwandani wamekipakia vibaya, na bahati yao kimeangukia mikononi mwa mtu anayejua kupuliza.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo maonyesho ya mtaa. Mteja akija kuchukua nguo, lazima aoneshwe. Mvua alivimbisha mashavu, mipira ikapanda, akaishikilia huko juu muda mrefu mpaka watu wakapiga makofi. Bi Vifungo ndiye aliyekuwa msimamizi. Alimwambia bado, bado, usishushe, shikilia hapohapo, mume wangu. Alimsifia kwa majirani. Alisema madaktari watashangaa, maana wagonjwa wengine wanakwenda kule hawawezi hata kuzima mshumaa. Na kweli wiki zile alikuwa na furaha, maana alidhani wanajiandaa.

Siku ikafika, wakampasua. Binti na mama yake walikaa kwenye benchi la nje tangu kumekucha mpaka jua likageuka, na operesheni ikachukua muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Mpasuaji alipotoka alikuwa amechoka lakini anacheka. Mishipa ilikuwa migumu, alisema, imewatoa jasho, ila imeunganika vizuri na moyo unapiga safi. Bi Vifungo akamshika mkono wote mpaka kiwiko, akaubusu.

Tatizo lilikuja kwenye pumzi. Wengine waliopasuliwa siku ile walitolewa mashine ya kupumulia wakahamia wodini. Yeye walimtoa, wakamrudisha, wakamtoa tena. Alipofika wodini hatimaye, alikuwa na bomba la oksijeni puani na kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma damu ina oksijeni kiasi gani. Namba ikiwa tisini na kitu, watu wanaendelea na shughuli zao. Ikishuka, kengele inalia na nesi anakuja. Bi Vifungo alijifunza kuitazama namba kabla ya kumtazama mumewe usoni, na jambo hilo lilimuudhi, lakini hakuweza kuliacha.

Ndipo akaja mama wa mazoezi. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye viatu vya raba, anayewaita wagonjwa wote wapenzi wake. Akamkalisha Mvua, akamwekea mto kifuani aukumbatie ili kidonda kisimuume, akamwuliza kama anakijua kidude cha mipira. Mvua alishindwa kucheka, maana kifua kiliuma, lakini macho yalicheka. Akakipokea. Akakigeuza kichwa chini, akavimbisha mashavu.

"Subiri, mzee wangu," mama wa mazoezi akasema. "Mbona umekigeuza?"

Bi Vifungo akajibu kwa niaba yake, tena kwa majivuno, kwamba ndivyo kinavyofanya kazi, wao nyumbani wamefanya hivyo kila siku na alikuwa anaipandisha yote mitatu. Mama wa mazoezi alikuwa mtu mwema, akatafuta namna ya kusema.

"Mama, hiki hakipulizwi. Hiki anavuta. Akivuta ndiyo mapafu yanafunguka mpaka chini."

Akakisimamisha wima, akamwambia Mvua avute taratibu. Mvua akavuta. Mpira wa kwanza ukatikisika, ukapanda kidogo, ukaanguka. Akavuta tena, akakohoa, akaushikilia mto, jasho likamtoka. Mpira ule haukupanda tena. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoa pumzi. Ya kuingiza hajawahi kuifanyia mazoezi, wala hakujua kama ina kazi.

Bi Vifungo alitoka nje ya wodi. Akaegemea ukuta wa korido, akajiita mjinga. Alijiita kwa sauti, mpaka mtu wa usafi akageuka. Yeye ndiye aliyekuwa akisema bado, bado, shikilia. Yeye ndiye aliyepigiwa makofi pamoja naye. Angalau mtu angemwambia! Lakini nani angemwambia, na wote mtaani walikuwa wanashangilia?

Mpasuaji alipopita, alikuwa na furaha yake ileile. Alieleza picha ya moyo inavyopendeza. Bi Vifungo alimsubiri amalize, akamfuata mpaka mlangoni akamwuliza ukweli. Je, ni kwa sababu ya mipira? Daktari akamkalisha kwenye kiti cha nesi, na hapo, haki ya Mungu, hakumdanganya. Alisema mambo ni mengi. Umri umesogea. Tumbo linasukuma mapafu kwa chini. Sukari ipo. Picha ya kifua inaonyesha mapafu ya mtu aliyekula moshi miaka mingi. Kisha operesheni yenyewe: muda wote ule damu ilikuwa ikizungushwa na mashine, mapafu yamelala bila kazi. Kuuchukua mshipa wa kifuani kuliwalazimu kufungua upande wa pafu la kushoto, na huko maji yamejikusanya. Kidonda kinauma, kwa hiyo mgonjwa anavuta pumzi fupifupi, na sehemu za chini za mapafu zinashikana. Juu ya yote hayo, mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kupumulia upande wa kushoto umeduwaa. Unaweza kuamka. Unaweza usiamke. Kila kimoja peke yake watu wanakivuka, alisema. Mzee amevipata vyote kwa pamoja.

Bi Vifungo akamwambia kwamba wao waliulizwa sigara, hawakuulizwa mkaa. Daktari akasema ni kweli. Akasema pia kwamba hata wangeuliza, bado wangempasua, maana moyo ulikuwa hausubiri.

"Na kama angevuta badala ya kupuliza?"

Daktari akatazama chini. "Labda ingesaidia kidogo. Labda isingesaidia kitu."

Hiyo labda ndiyo iliyomla. Angeambiwa ndiyo, angelia akajilaumu mpaka akachoka. Angeambiwa hapana, angepumua. Labda haikumpa pa kushika. Daktari, kwa kuona amenuna, akarudia kumfariji kwamba moyo sasa ni mzuri sana.

"Mzuri wa kumsaidia nini?" Bi Vifungo akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Daktari akamgusa bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Waliyatoa maji ya kifuani. Waliongeza dawa. Mama wa mazoezi alikuja asubuhi na mchana, akampigapiga mgongo, akamsimamisha, akamtembeza hadi dirishani na mtungi wa oksijeni unavutwa nyuma. Kila baada ya siku kadhaa walimjaribu bila bomba. Nesi alilitoa puani, wote wakatazama namba. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asiseme, maana kusema kunashusha. Mvua akawa bubu kwa amri ya nesi. Alikaa wima, mikono magotini, midomo imekazwa, na Bi Vifungo akajikuta naye amebana pumzi yake. Namba ilisimama, ikayumba, ikaanza kuteremka. Mara ya kwanza ilishuka upesi. Mara ya pili ilimpa matumaini, ikakaa mpaka nesi akaanza kutabasamu, kisha ikaporomoka. Mara ya tatu midomo ya Mvua ilianza kubadilika rangi kabla hata kengele haijalia, na nesi akalirudisha bomba.

Walipobaki wawili, Mvua alimvuta mkewe mkono.

"Waambie wasinijaribu tena," alisema. Akapumzika. "Nimechoka kushindwa... mbele yako."

Wakamruhusu kwenda nyumbani na mashine ya oksijeni. Daktari alisema wazi kwamba huenda ikawa ya kudumu, na hapakuwa na huenda kwenye macho yake. Nesi akawaasa kuhusu moto. Jiko, mshumaa, kiberiti, mkaa, chochote kinachowaka kisisogee karibu na oksijeni. Binti akaja siku moja kabla, akazibeba pasi zote za mkaa akampa dobi wa mtaa wa pili. Aliteremsha ile ya umeme juu ya kabati, akaipangusa vumbi, na mama yake akaanza kupiga pasi nguo za wateja wachache waliobaki. Alizipiga vibaya. Mvua alimtazama kupitia pazia lililofunguliwa, na zamani angesema maneno ya kutosha kujaza asubuhi nzima. Sasa alitazama tu.

Maana sasa maneno yalikuwa na mgao. Matatu, manne, pumzi imekwisha. Anangoja, anavuta, mashine inanguruma, ndipo mengine. Mteja akisimama kumsalimia, anaona aibu kusubiri, anasema haya mzee pumzika, anaondoka kabla jibu halijafika. Bi Vifungo aliona hali hiyo akaamua kumsaidia. Mumewe akianza sentensi, yeye anaimalizia. Alimjua mtu wake, alikuwa amemsikiliza maisha yao yote. Akisema "yule mwenye nyumba," yeye alijaza kwamba ni mwizi na baba yake vilevile. Akisema "chumvi," yeye alimalizia imezidi. Alipatia sana. Mvua aliinua kidole kumpongeza, na mara mojamoja wakatazamana wakacheka kimyakimya, mume akishika kifua. Watu walisema ni wazuri hao wazee. Bi Vifungo alichukia kuambiwa hivyo.

Jioni moja, duka limeshafungwa, Mvua alimwita mkewe kwa mkono. Akaja akakaa kando yake kitandani. Siku ile alikuwa na hali mbaya, miguu imevimba, namba ya kidoleni iko chini tangu asubuhi na wote wawili walikuwa wameacha kuitaja. Alimshika mkewe kiganja. Alivuta pumzi kwa muda, akijikusanya.

"Mama watoto," akasema, "mimi... siku zote..."

Pumzi ikaisha. Akafumba macho akangoja nyingine. Na Bi Vifungo, kwa mazoea tu, kwa kutaka kumpunguzia kazi, akaimalizia.

"Siku zote hupendi mlango ukae wazi. Usijali, nimeshafunga."

Mvua akafumbua macho akamtazama. Alimtazama sana. Bi Vifungo akaona mara moja kwamba hakupatia, kwamba haikuwa habari ya mlango hata kidogo, na akataka kumwambia sema, baba, sema, nitangoja mpaka kesho. Mvua alifungua kinywa aanze upya. Akavuta, akapima kile alichokipata, akaona hakitoshi kufika mwisho.

"Ndiyo," akasema. "Mlango."

Bi Vifungo akainuka, akaenda kuutazama mlango ambao alikuwa ameshaufunga. Akasimama pale ameshika komeo, akilia bila sauti ili asimsikie, kwa sababu alijua kwamba maneno yale hatayaanza tena.